Picha Niliyoibandika kwa Uji wa Muhogo

Funguo nilizirudisha Ijumaa, zote saba, na ule wa saba haufungui kitu. Tangu nilipoajiriwa nimeuliza unafungua nini na hakuna aliyejua. Msiutupe. Katika kazi yetu kitu kisichojulikana ndicho hutunzwa kuliko vingine.

Mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, basi naandika. Karani amenisahihishia herufi tu, maneno ni yangu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua maana ni huo huo wenu. Shule nilisoma madarasa mawili, kisha baba akahitaji mtu wa kulima, na mtu huyo nikawa mimi. Nimekuwa turniboi wa lori, nimechoma matofali, nimekuwa seremala wa kujifunza kwa kutazama mikono ya wengine. Nyumba yangu hapa Tororo niliijenga mwenyewe kuanzia tofali la kwanza. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno, lakini ni kweli.

Makumbusho niliingia mwaka ule Uganda ilipopata uhuru, nikiwa tayari na wajukuu. Jumba lilikuwa ghala la pamba lililoachwa, chini ya mwamba, na mpaka leo mvua ikinyesha mnasikia harufu ya mbegu za pamba. Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa Mwalimu Erisa, mwalimu mstaafu wa misheni, mtu mwembamba wa koti la kaki ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alinichukua kwa sababu ya useremala. Alitaka makabati yenye vioo, na mafundi waliosoma walikuwa wanataka michoro kwanza.

Siku ya kwanza alinipa kitambaa, akaniambia, "Futa vumbi," akaenda kula. Nikaona pale kigoda kimoja, cheusi kwa uchafu, nikaona aibu kwamba wageni wataona kitu kama hicho. Nikakitoa nje, nikakisugua kwa sabuni ya mche na mchanga mpaka mti ukarudi mweupe. Nikakianika juani. Nilijisifu moyoni kweli.

Mwalimu aliporudi alikitazama muda mrefu.

"Owori, kigoda hiki kilikuwa cheusi."

"Kilikuwa kichafu, Mwalimu. Sasa kimetakata."

"Ule haukuwa uchafu. Ni mafuta ya watu wa nyumba moja, babu, baba na mtoto, wamekikalia mpaka kikawa vile. Wewe umeufua ukoo mzima kwa sabuni ya mche."

Nilidhani kazi imekwisha kabla ya chai ya saa kumi. Hakunifukuza. Alinifungia kigoda kwenye baiskeli, akaniambia nikipeleke kwa wenyewe, Osukuru, nikawaeleze kwa mdomo wangu nilichokifanya. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiteso, Papa Okiring. Nikamweleza. Akakigeuza geuza, akakikalia pale pale, akanitazama kutoka chini.

"Sabuni gani?"

"Ya mche, Papa."

"Mke wangu anaitafuta dukani haipatikani, kumbe nyinyi mnaogeshea viti."

Kisha akasema kigoda kitakuwa cheusi tena, kinahitaji kukaliwa tu, akaniambia nikirudishe makumbusho. Tangu siku hiyo, kila siku ya wageni, Papa Okiring alikuja kwa miguu kutoka Osukuru kukikalia kigoda chake, asubuhi mpaka jioni, akijibu maswali ya watoto wa shule. Vile mnavyoviita "vipindi vya jamii" kwenye ripoti zenu, kwetu vilianza hivyo. Vilianza na kosa langu, na mtu aliyekuja kulirekebisha kwa makalio yake.

Na funzo lilikuwa hilo la Mwalimu: ukiharibu kitu cha watu, uwaambie wewe mwenyewe, mapema. Nililielewa vizuri. Kulielewa na kulifanya, kama mtakavyoona, ni shughuli mbili.

Miaka ile ya mwanzo watu wazima wengi hawakuingia ndani. Walisema ni nyumba ya vitu vya marehemu, na kusema kweli hawakukosea. Mwalimu akaanzisha siku maalum, kila siku na mafundi wa kazi yake. Siku ya Chuma tulileta wahunzi wazee kutoka milima ya Samia, wakavukuta mivukuto yao uani na kufua jembe moja mbele ya watu, moshi ukaingia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Siku ya Vyungu wakaja wafinyanzi. Mama mmoja wa Busia alipita kwenye makabati yangu yenye vioo, akasimama mbele ya chungu tulichokiandikia kwa herufi nzuri kwamba ni cha maji.

"Nani aliandika hapa?"

Mwalimu akasema ni yeye.

"Mwalimu, hicho ni cha pombe. Na mmekiweka makalio juu."

Tukakigeuza, tukabadili maandishi, na mama yule akabaki anapita kabati moja baada ya jingine kama mkaguzi wa shule. Tulibadili maandishi mengi siku ile. Nilimpenda sana Mwalimu kwa jambo hilo. Alikuwa amesoma kuliko wote waliokuwa uani, na aliandika walichomwambia.

Lakini waliokuja walikuwa wale wale wa karibu. Nikamwambia Mwalimu, kama Malaba na Busia haziji kwetu, nipe baiskeli. Nikaunda sanduku la mbao la kukaa kwenye keria. Likifunguliwa, mbavu zake mbili zinatandaa kama mabawa ya kuku anayejianika, na kila bawa limejaa vitu vya kutazama. Siku ya soko nawahi, nafungua sanduku, watu wanajaa. Kazi hiyo niliibuni mimi, wala hakuna kitabu kilichonifundisha. Mnaliita siku hizi kwa jina la Kiingereza, lakini msumari ni wangu.

Sasa nakuja kwenye picha.

Mzungu mmoja wa wilaya alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alituachia mkebe wa biskuti uliojaa picha za zamani, za rangi ya chai. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya wapagazi wa vita ya Wajerumani, ile ya kwanza, wamesimama mstari mmoja, wanaume kumi na wanne wenye mablanketi mabegani. Mwalimu alikuwa hospitali wiki ile, kwa ajili ya mikono yake. Mimi nikaona ile picha ndiyo itakayovuta watu sokoni. Ila karatasi ilikuwa inajikunja. Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, nikaibandika juu ya ubao wa plaiwudi, nikaipigilia fremu yenye kioo. Ikakaa sawa kama sarafu.

Nyuma ya ile karatasi kulikuwa na maandishi. Niliyaona. Yalikuwa ya Kiingereza. Kiswahili nasoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kiingereza ni mto usio na mawe. Ningeweza kusubiri Mwalimu arudi, au kumwuliza karani wa posta. Sikutaka karani wa posta ajue kwamba bwana wa makumbusho hawezi kusoma. Nikapaka uji.

Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka nayo mpakani Busia. Askari wa forodha, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, akagonga sanduku.

"Unabeba nini, mzee?"

"Wazee."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne. Wa karatasi."

Nikamfungulia. Akawatazama, akacheka. "Hawa wako hai au wamekufa?"

"Sijui, bwana."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya sijui. Haya, pita."

Nikafungua sanduku sokoni upande wa Kenya, karibu na wauza mihogo mikavu. Watu wakajaa, wakacheka mablanketi, wakabishana kama wale ni Wasamia au Wabukusu. Mama mmoja mzee sana akaacha ungo wake akaja mpaka mbele. Nilimjua baadaye kwa jina, Nyanya Taaka. Hakucheka. Akapitisha kidole juu ya kioo, mtu mmoja mmoja, akafika kwa wa tisa, akasimama.

"Huyu anasimama vibaya," akasema.

Wengine wote kumi na watatu mikono yao ilikuwa imenyooka. Huyu wa tisa mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kidogo, kama amebeba kitu kisichoonekana.

"Aliangushwa na fahali akiwa kijana. Mkono haukunyooka tena," akasema. "Huyu ni wangu. Huyu ni Egesa."

Mwanamke mwingine akaninong'oneza habari yenyewe, na mliotoka pande zile hamtahitaji kuelezwa sana. Egesa alichukuliwa na vita akiwa na mke mchanga, Taaka. Hakurudi. Kwa desturi yao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo unazika mgomba mahali pake, unalazwa kaburini kama mtu, na mjane ananyolewa. Lakini mdogo wake Egesa, Wandera, alikataa. Mtu mmoja alikuwa amekuja na habari kwamba Egesa alionekana Mombasa baada ya vita. Na kumzika aliye hai ni kumwua. Kwa hiyo mgomba haukuzikwa, na Taaka hakunyolewa. Miaka yote hiyo hakuwa mke wala mjane. Watoto wa ukoo aliwalea, mashamba aliyalima, na siku akifa wangemzika nyuma ya boma, wanakozikwa wageni, kwa kuwa hapakuwa na kaburi la mume la kumlaza kando yake.

Wandera mwenyewe akaitwa. Mzee mrefu, kofia ya majani, fimbo. Akatazama picha, akatikisa kichwa.

"Ndiye. Na hapa ni mzima, amesimama. Sasa hii inatuambia nini, Taaka?"

"Inatuambia alifika vitani."

"Hilo tulilijua."

Akanigeukia mimi. "Mzee wa Tororo, picha za wazungu huandikwa nyuma. Nyuma hapa pameandikwa nini?"

Na mimi, mbele ya soko zima, nikasema, "Hakuna kitu."

Nyanya Taaka akanitazama machoni. Sijui aliona nini. Akasema tu, "Mulembe, mwanangu," salamu ya amani ya kwao, akarudi kwenye mihogo yake.

Nilipanda baiskeli na uongo ule mpaka Tororo. Njia ile naijua, ina vilima viwili vya maana, siku hiyo ilikuwa na vilima tupu. Nilimkuta Mwalimu ametoka hospitali, amekaa ofisini na kikombe cha chai akikishika kwa mikono miwili. Nikamweleza bila kukaa.

Akauliza, "Ulibandika kwa kitu gani?"

"Uji wa muhogo."

Akafumba macho. "Mungu ni mwema. Ungetumia gundi ya duka tungekuwa tunalia hapa. Maandishi ni ya wino au ya penseli?"

"Sikuangalia."

"Kwa nini?"

Nikatazama ukuta. "Kwa sababu siwezi kuyasoma, Mwalimu."

"Hilo nalijua tangu wiki ya kwanza. Nilikuandikia kikaratasi cha Kiingereza uniletee nyundo, ukaniletea ufagio, ukasimama nao kama askari." Akanywa chai. "Nilidhani siku moja utaniuliza nikufundishe. Sikujua una kiburi cha kiasi hiki. Kama ni cha penseli, yapo. Penseli haiogopi maji. Kama ni wino, umemfuta mtu."

Nilitaka tufungue pale pale. Akakataa. Akasema kesho naenda Busia kumwambia yule mama kwamba nilidanganya, na kwamba picha itafunguliwa mbele yake na mbele ya shemeji yake. "Yakiwa yameharibika, waone kwa macho yao ni nani aliyaharibu. Yakiwapo, asije mtu kusema tumeyaandika sisi wenyewe jana."

Nikaenda. Wandera aliniita mwongo kwa lugha tatu, moja baada ya nyingine, na zote alizijua vizuri. Mwishoni akaweka sharti. "Karatasi ikisema kaka yangu amekufa, nitamzika. Isiposema, au ikiwa wewe umeila kwa uji wako, mtu yeyote asiniite tena kwa jambo hili mpaka mimi mwenyewe niingie kaburini."

Nyanya Taaka yeye aliuliza swali moja tu. "Lini?"

Walikuja kwa basi Jumatano asubuhi. Papa Okiring pia alikuwepo, alikuwa amekuja kukalia kigoda. Mwalimu alitandika shuka jeupe juu ya meza na kuilaza picha kifudifudi, fremu na kioo vimeshatolewa. Kisha akaninyooshea mikono yake nione ilivyokuwa inatetemeka. "Kazi ni yako," akasema. "Na sikiliza. Hatuitoi picha kwenye ubao. Tunautoa ubao kwenye picha."

Haya yaandikeni mahali, kwa kuwa mtayahitaji. Plaiwudi ni tabaka juu ya tabaka. Nilichukua patasi yangu nyembamba, niliyoinoa usiku kucha mpaka inanyoa nywele za mkono, nikaanza kuvua tabaka la kwanza kutoka nyuma, kipande kwa kipande, upana wa kidole. Nguvu si ya mkono, ni ya pumzi. Ukivuta pumzi patasi inatulia, ukiitoa inakwenda. Tabaka la kwanza lilichukua asubuhi nzima. Wandera alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Huyu atatoboa tumbo la kaka yangu."

"Kaa chini, mzee," Papa Okiring akamwambia kutoka kwenye kigoda. "Huyu mtu ana mkono mzuri. Aliniogeshea kiti hiki bila kukivunja mguu."

Lilipobaki tabaka la mwisho, jembamba kama ganda la kitunguu, niliweka patasi chini. Mwalimu akaniambia nilowanishe kitambaa, nikikamue mpaka kisidondoke hata tone, nikilaze juu ya mti. Tukangoja. Kulowanisha, kungoja, kulowanisha. Nyanya Taaka alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, hakuomba hata maji. Nikampelekea mimi, akanywa nusu akanirudishia kikombe.

"Kunywa hii nyingine," akasema. "Unamdondoshea jasho mume wangu."

Saa nane hivi ukingo wa mti ukaanza kuinuka. Nikaingiza unyoya wa kuku chini yake, nikausukuma taratibu. Mti ukaachia, na chini yake uji wangu ulikuwa umerudi kuwa uji, mweupe, unateleza. Kona moja mende walikuwa wamekula uji na karatasi pamoja. Nikasimamisha mkono. Mwalimu akasema, "Endelea." Nikaufuta uji kwa pamba yenye maji, kidogo, kidogo tena, na chini yake pakaonekana mstari wa kijivu. Kisha mwingine.

Ilikuwa penseli.

Sikujua kwamba nilikuwa nalia mpaka Mwalimu alipoisogeza karatasi isiloane zaidi. Akavaa miwani, akainama. Palikuwa na nambari, moja mpaka kumi na nne, na kwa kila nambari jina. Kona iliyoliwa ilikuwa ya wawili wa mwisho. Akapitisha kidole juu ya hewa, bila kugusa, mpaka akafika.

"Tisa. Igesa, Samia." Akasogeza miwani. "Jina limeandikwa kizungu, lakini ni yeye. Mbele yake wameandika hivi: amekufa kwa homa, amezikwa njiani."

Akalisoma tena kwa Kiingereza, akalifasiri tena kwa Kiswahili, polepole, ili asije mtu kusema alilikimbiza.

Nyanya Taaka akauliza, "Njia gani?"

"Haikuandikwa, Mama."

"Walimzika akina nani?"

"Hilo nalo halikuandikwa."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na anaifikiria. Wandera alikuwa amevua kofia. Akaishika kifuani kwa muda, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Basi mimi nimemweka hai miaka yote hii kwa ubishi wangu."

"Hukumweka hai, shemeji," Taaka akasema. "Ulimwacha njiani."

Hakulisema kwa ukali. Wandera akakaa kwenye benchi kando yake, na wakakaa hivyo, wote wawili, mpaka Papa Okiring akaondoka kwenye kigoda chake, akakileta, akamwambia mama akikalie kwa kuwa benchi linaumiza mgongo. Akakikalia.

Kabla hawajaondoka kukazuka jambo jingine. Wandera alitaka picha. Alisema mgomba utazikwa, lakini safari hii tunao uso wenyewe, uso uingie kaburini pamoja na mgomba. Mwalimu akaanza kueleza habari za kamati ya makumbusho, na nikaona kabisa kwamba kamati haitamshinda Wandera. Mimi nilikuwa tayari kumpa. Kwa kosa nililofanya ningempa na baiskeli.

Ni Taaka aliyekata maneno. "Kule njiani walishamlaza mara moja. Na hapa ana wenzake kumi na watatu, ukimtoa utawazika na wao bila ruhusa ya wake zao. Zikeni mgomba. Huyu mwacheni asimame."

Walimzika Jumamosi iliyofuata. Nilialikwa, nikaenda na Mwalimu, na kwa kuwa mimi ni seremala nikapewa kazi ya kuukata mgomba kwa kipimo cha mtu. Wandera alinionyesha kwa mkono wake kimo cha kaka yake, akasita, akapandisha mkono kidogo. "Alikuwa ananizidi," akasema. Waliulaza kwa blanketi. Asubuhi ya siku ya nne wanawake walimnyoa Nyanya Taaka kwa wembe mpya, na nywele zilikuwa nyeupe zote.

Baada ya hapo tulifungua mbao zangu zote, maana nilikuwa nimebandika picha nyingine kabla ya ile, na hilo nalikiri hapa kwa mara ya kwanza kwa maandishi. Ndipo ilipoanza Siku ya Majina. Mnaijua: picha zinalazwa mezani, mbele na nyuma zionekane, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanakuja kutafuta watu wao. Wapo waliopata baba, wapo waliopata jirani waliyegombana naye. Wapo waliokuja kila mwaka wasipate, wakala ndizi zetu, wakarudi. Nao ni wageni wa makumbusho, waheshimuni.

Siku ya kwanza ya Siku ya Majina Nyanya Taaka alikuja na kitambaa kipya kichwani. Akakivua akanionyesha, kama msichana anayeonyesha msuko. Akasema chini ya picha hapajaandikwa kitu.

"Mwalimu ataandika, Nyanya."

"Yeye hakumbandika. Andika wewe."

Mwalimu akanipa kadi na penseli, akatoka nje, eti kutazama mvua. Mvua haikuwepo. Niliandika kadi tatu nikazitupa. Ya nne ikakaa: EGESA, MTU WA SAMIA, MUME WA TAAKA. ALIKUFA SAFARINI. AMEZIKWA KWAO. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, na safari hii nikasoma bila kuweka kidole.

"Vizuri," akasema. "Sasa usimpake uji."

Mwalimu Erisa alinifundisha Kiingereza kuanzia juma lile, kila siku kabla ya kufungua milango, mpaka mikono yake ikamshinda kushika kitabu nikawa namshikia mimi. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Namshukuru hapa. Nawashukuru Papa Okiring, ambaye kigoda chake kimekuwa cheusi tena na hamruhusiwi kukigusa kwa sabuni, na Wandera, ambaye hadi alipokufa aliniita Mzee wa Uji mbele za watu. Na namshukuru yule mama, aliyejua sokoni kwamba nasema uongo na bado akanipa salamu ya amani. Naye amefariki, amelazwa ndani ya boma, kando ya mgomba.

Ijumaa hiyo ya funguo mlinipiga picha mlangoni, nimesimama na baiskeli. Mmeileta jana, na mmesema mtaitia kwenye fremu. Fremu nitaitengeneza mwenyewe, nyinyi misumari yenu ni mirefu mno. Lakini kwanza nimeigeuza. Nimechukua penseli, nikaandika mgongoni jina langu, jina la baba yangu, na kazi niliyofanya. Chini yake nikaandika kwamba nilikuwa hai.